Mkalimani, Wifi Yake na Ruta Iliyokwama

Mkalimani wa lugha ya alama alikuwa amekaa chumbani kwake mbele ya kompyuta, akimfikishia daktari kwa video ya mtandaoni maneno ya mama mjamzito asiyesikia. Mama yule, akiwa kliniki, alianza kuonyesha panapomuuma, na mikono yake ikaganda hewani. Picha ikakatika. Iliporudi, daktari alikuwa na mgonjwa mwingine. Mama alikuwa ameshajiondokea.

"Ruta tena, imekata mtandao," alimwambia wifi yake, dada wa mumewe, aliyeishi nao na kushinda sebuleni akitengeneza tovuti za watu. Katika nyumba ile neno wifi lilikuwa na maana mbili, na siku hiyo zote mbili zilimchosha.

"Si nilikuambia, wifi? Kampuni yake imeshaitelekeza, hata masasisho haitoi. Tuiwekee mfumo endeshi huria. Ni wa bure, na kasoro ikionekana, yeyote anayejua anairekebisha."

"Upi sasa?"

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Wa kwanza ulisifiwa na kila mtu, ila kwa ruta kama yao ulikuwa bado kwenye majaribio. Wa pili haukuwa umeguswa na waundaji wake tangu mkalimani hajaolewa. Wa tatu ulifaa kabisa, mradi ruta iwe toleo la pili. Wakaipindua. Kibandiko cha chini kilikuwa kimefutika.

"Kama la pili hivi," wifi alisema, amekodoa macho.

"Kama? Na tukikosea?"

"Inakufa. Inabaki pambo la kabati."

Wakafungua ukurasa wa mipangilio. Toleo la tatu, si la pili. Mkalimani akashika kichwa. Asubuhi nzima imekwenda, na yule mama yuko kwake na maumivu yake.

"Upi kati ya hii unarekebishwa mpaka leo?" aliuliza kwa ukali.

"Wa kwanza."

"Weka huo. Nimechoka kusoma."

Wifi akauweka. Taa za ruta zikazimika zote, kisha moja ikawaka kijani. Mtandao ukatulia, lakini mawimbi yalikuwa dhaifu, hayakuvuka ukuta wa chumbani. Ikabidi waya mrefu upitishwe chini ya mlango mpaka kwenye kompyuta.

Kesho yake mama yule alirudi kliniki. Picha haikutetereka. Kabla ya kusema lolote kuhusu tumbo, alinyoosha mikono akamwambia daktari neno, na mkalimani akalisema kwa sauti, kama kazi inavyomtaka, bila kupunguza kitu: "Jana mlinitupa."

Daktari akaomba radhi. Mkalimani akaitafsiri, kisha akaongeza ya kwake. Mama akaitikia kwa kichwa tu, akaonyesha panapouma. Akaandikiwa kipimo siku hiyo hiyo.

Mkalimani alipotoka chumbani alijikwaa kwenye waya.

"Wanasema toleo lijalo litarekebisha mawimbi," wifi alisema.

"Lini?"

"Hawajasema."

Mkalimani akauokota waya, akaanza kuubandika sakafuni kwa utepe wa gundi, akinung'unika.