Tulivyovuka Likoni Kumfuata Kagendo

Niliondoka Siakago kwa sababu shemeji yangu Hamisi alipiga simu ofisini kwetu akasema hali ya dada yangu si nzuri. Kagendo ndiye aliyenifuata kuzaliwa. Alikwenda Mombasa akiwa msichana kujifunza ushonaji, akaolewa huko na Hamisi, seremala wa Likoni, akasilimu na kuitwa Mariamu. Baba alifariki bila kulikubali jambo hilo. Mama alilikubali kimoyomoyo, lakini hakuwahi kufika Mombasa, na siku zote alimfikiria binti yake kama mtu anayeishi peke yake katikati ya wageni. Sasa figo za Kagendo zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi. Mimi ni afisa wa kilimo na ruhusa ya kazi si rahisi kuipata, lakini Mama alishasema anakwenda, nami nisingemwacha aende peke yake.

Embu, asubuhi, tulikutana stendi. Alikuwa ametoka kwetu Githongo, Meru, gizani, amevaa koti lake la kanisani, na mkononi ana kikapu cha nduma na unga wa wimbi. Nilimwambia Mombasa kuna chakula.

"Cha kwao," alinijibu kwa Kimeru. "Huyu ni mgonjwa. Atataka uji wa nyumbani."

Njiani hakusema mengi. Tulipita mashamba ya mpunga ya Mwea, tukafika Nairobi, tukapanda treni ya jioni. Alilala akiwa ameketi, kikapu mapajani.

Mombasa, asubuhi iliyofuata, Hamisi alitupokea stesheni. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mipana iliyojaa makovu ya randa na msumeno. Alimwinamia Mama akampokea kikapu.

"Shikamoo mama. Poleni na safari."

"Marahaba. Wewe ndio Hamisi?"

"Ndiye mimi, mama."

Mama alimtazama kwa muda. "Umekonda," alimwambia. "Hata wewe unataka kula."

Hospitali iko kisiwani, na nyumba ya Hamisi iko ng'ambo ya maji, Likoni. Kwa hiyo siku zote tulizokaa huko zilipangwa na feri: kuvuka asubuhi kwenda kumwona mgonjwa, kuvuka jioni kurudi kulala. Niliyoyaona Mombasa karibu yote niliyaona nikiwa juu ya ile feri au nikiisubiri.

Kivukoni, mara ya kwanza, Mama aligoma kushuka. Barabara pale inateremka moja kwa moja hadi majini, kana kwamba waliokuwa wakiijenga walisahau kusimama. Watu walikuwa wamejazana kwenye banda la kusubiri, wengine na baiskeli, wengine na mikokoteni ya mboga, na pembeni malori na magari yamepanga foleni. Feri ilifika, ikateremsha mlango wake mkubwa wa chuma ukakwaruza saruji, umati ukatoka mbio, kisha na sisi tukafunguliwa tuingie.

"Hii maji ni ya kunywa?" Mama alimuuliza Hamisi.

"La, mama. Ni ya chumvi."

"Sasa maji mingi hivi ni ya nini?"

Hamisi alimshika mkono, wakateremka pamoja taratibu. Hakuuachilia mpaka tulipofika ng'ambo.

Katikati ya safari feri ilipunguza mwendo. Meli ya mizigo, ndefu kuliko soko lote la Githongo, ilikuwa inaingia bandarini, nasi tukaisubiri ipite. Mama aliangalia juu mpaka kitambaa kikamteleza kichwani. Aliniuliza kwa Kimeru kama Kagendo alikuwa akipita hapa kila siku. Nilimwambia ndiyo, maana alikuwa akishona kwenye duka moja kule mjini.

"Na hakuwahi kuniambia," alisema.

Likoni tuliweka mizigo, Mama akapika uji, tukavuka tena kurudi kisiwani. Hospitalini, mchana ule, tulimkuta Kagendo amevimba uso, macho madogo, lakini alitutambua kabla hatujafika kitandani. Mama alikaa, akamshika miguu, akaanza kuisugua kama alivyotufanyia tukiwa watoto tukitoka mtoni na baridi. Walizungumza Kimeru. Kagendo alikuwa anayatafuta baadhi ya maneno.

"Ukipata nafuu kidogo tunakwenda nyumbani," Mama alimwambia.

"Nyumbani ni karibu, Mama. Ni kuvuka tu."

Mama alimimina uji wa wimbi kwenye kikombe, na Kagendo akanywa kiasi alichoweza, akisema ladha yake hajaisahau.

Likoni, alfajiri zilizofuata, Mama alikuwa wa kwanza kuamka. Alipika uji kwenye jiko la Kagendo, akatia kwenye chupa ya chai, akamwamsha Zuhura, mtoto wa pekee wa Kagendo, aliyekuwa darasa la sita. Bibi na mjukuu hawakuwa na lugha moja. Mama alikuwa na Kiswahili cha sokoni, Zuhura hakujua Kimeru hata neno. Lakini nilimsikia mtoto akimfundisha kusema "feri imeondoka" na "feri imekuja," naye akiyarudia huku anamsuka nywele.

Siku nyingine Hamisi alikuwa na meza ya kupeleka upande wa Mtongwe, tukavukia huko. Feri ya Mtongwe hubeba watu tu, wengi wao wafanyakazi wa bandarini na viwandani, nao husimama kimya kama watu walio kanisani. Mama aliipenda kwa sababu hakuna lori la kumwogopesha. Hata hivyo siku iliyofuata aliomba turudi kwenye feri ya Likoni, kwa sababu ya Bi Rukia.

Bi Rukia tulikuwa tumekutana naye kabla ya hapo, ndani ya feri hiyo ya Likoni. Ni mama wa makamo, mfagiaji katika ofisi moja mjini. Alimwona Zuhura, akatusogelea, akamsalimu Mama kwa mikono miwili.

"Wewe ndiwe mama yake Mama Zuhura? Mmefanana pua."

Alitupeleka upande wa kulia, karibu na ngazi ya chuma. Wanawake kadhaa walikuwa wamesimama hapo na vikapu vyao. Mmoja alikuwa muuguzi, mwingine aliuza maandazi. Walikuwa wakivuka pamoja kila asubuhi kwa miaka. Hapo ndipo walipochangiana mmoja akifiwa, hapo ndipo Kagendo aliposhona vifungo vya sare za shule za watoto wao huku feri inatembea, sindano mdomoni.

"Hapa ndipo anaposimama," Bi Rukia alisema. "Tangu augue, akija mgeni tunamwambia asogee kidogo. Akirudi atapakuta."

Mama aliniomba nimfasirie, ingawa nadhani alikuwa ameelewa. Kisha alikwenda akasimama pale, akashika chuma, akatazama maji mpaka tukafika. Tangu siku hiyo alisimama hapo hapo kila asubuhi, na wale wanawake wakampa habari za binti yake kidogo kidogo: alivyokuwa mcheshi, alivyoogopa mawimbi mwanzoni, alivyomkaripia kijana mmoja aliyemsukuma mzee. Mama alicheka mara moja tu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tulipomzika Baba.

Kagendo alifariki alfajiri ya Alhamisi. Tulivuka na feri ya mwanzo tukaambiwa mlangoni mwa wodi. Hamisi alikaa chini sakafuni. Mama aliingia, akamfunika vizuri, akatoka na chupa ya uji ikiwa bado imejaa.

Nilikwenda kwenye kibanda cha simu nikapiga simu dukani kwa jirani yetu Githongo, wakamwita baba mdogo Kiambi. Akasema, "Mleteni. Vijana nawapa majembe sasa hivi. Atalala karibu na baba yake."

Niliporudi, pikapu ya kumbeba ilikuwa imefika nje ya hospitali. Niliwaeleza maneno ya Kiambi. Hamisi aliinuka, macho mekundu, akasimama mbele ya Mama.

"Mama, kwetu sisi maiti hakawizwi. Lakini wewe ndiwe uliyemzaa. Ukisema Meru, nitamsindikiza mpaka Meru. Sitabishana nawe."

Dereva alikuwa anasubiri kuambiwa. Upande mmoja barabara ya Nairobi, upande mwingine kivuko. Mama alimtazama Zuhura, aliyekuwa ameshika kamba ya sketi yake na kuizungusha kidoleni.

"Mimi nilimwambia tuende nyumbani," alisema kwa Kiswahili chake. "Yeye akasema nyumbani ni kuvuka. Hiyo ndio alisema. Twende feri."

Kwenye feri walituruhusu tuingie mbele. Habari ilikuwa imetangulia, sijui kwa njia gani. Wanaume walivua kofia, mikokoteni ikasogezwa, na Bi Rukia na wenzake wakaja wakaizunguka pikapu, viganja vyao juu ya bodi yake mpaka mlango wa chuma ulipogusa upande wa pili.

Likoni, nyumbani, Bi Rukia alimjia Mama. "Njoo tumwoshe mwanetu." Mama ni Mmethodisti, hakujua la kufanya, lakini aliingia nao. Alipotoka mikono yake ilikuwa inanukia karafuu. Wanaume tulikwenda makaburini mchana, na kesho yake asubuhi Hamisi aliwapeleka Mama na Zuhura wakapaone.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Sikumwacha Mama Embu, nikaendelea naye mpaka Githongo, maana sikuwa nimethubutu kumpigia Kiambi tena, na nilijua kinachotungoja. Kaburi lilikuwa limechimbwa, safi, kuta zimenyooka, udongo mwekundu umerundikwa kando ya mibuni. Baba mdogo Kiambi alitoka akatazama nyuma yetu barabarani.

"Kagendo yuko wapi?"

"Nimemzika," Mama alisema.

"Umemwacha kwa wageni?"

"Nimemwacha kwa watu wake. Nimewaona kwa macho yangu."

Kiambi alikasirika. Alisema maneno makali ambayo sitayaandika, akaondoka mpaka kwenye ua, akasimama huko ametugeuzia mgongo. Mama alikaa juu ya kile kifusi cha udongo, akavua viatu. Baada ya muda Kiambi alirudi.

"Pale walipomweka pakoje?"

"Ni mchanga. Lakini ni pasafi, na kuna mkorosho. Mtoto wake anaweza kwenda kwa miguu akitoka shule."

Kiambi alilitazama shimo. Kisha alichukua jembe, akaanza kulifukia mwenyewe. Nilipotaka kumsaidia alikataa.

Nilipoondoka nyumbani nilidhani jambo la kuhuzunisha ni mtu kufia ugenini. Mama alinifundisha lingine bila kukusudia. Tulipokuwa tunamtazama Kiambi, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba miaka yote alikuwa akiomba Mungu ampe Kagendo watu wa kusimama naye, na kumbe alishapewa, naye aliwajua kwa zile asubuhi chache tu za mwisho. Nilikaa karibu naye kwenye udongo mpaka shimo likajaa.