Kuku Ambaye Hakuwemo Kwenye Filamu

Kaa hapa karibu nami, nikueleze taratibu. Zamani, sinema zilipokuwa bado bubu, watengenezaji walichukua wahusika wa vibonzo vilivyopendwa magazetini, wakawavika watu masharubu ya bandia na matumbo ya mito, wakapiga vichekesho vya dakika chache. Hakuna aliyesikika akisema neno. Kwa hiyo padri alipovionyesha kwetu Bukavu, vikiwa vimeshazeeka, mtu mmoja alisimama kando ya kitambaa cheupe akawasemea. Parokiani petu, mtu huyo alikuwa mama yangu.

Miaka mingi baadaye, hapa ugenini Guildford tulikohamia na mama, nilivikuta kwenye simu, nikavirusha kwenye televisheni. Binti yangu husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, na mama Kiingereza hakukijua. Mbele ya vichekesho vile wakaelewana. Kila niliporudi kutoka kazini, ghalani Wetherill Park, niliwakuta kwenye kochi moja, chini ya kitenge kimoja.

Walichokipenda zaidi ni cha mume mnene na mke mwembamba. Mke anasubiri mlangoni, mikono kiunoni. Mume anaingia, kofia imepasuka. Hapo mama aliuliza kwa sauti ya mke, "Baba watoto, kuku yuko wapi?" Kwenye filamu kuku hakuwemo kabisa. Kisha mama akamjibia mume, na jibu lilibadilika kila jioni: kuku kaenda mazoezi ya kwaya, kuku kapanda treni ya Mount Druitt bila tiketi. Mtoto alicheka mpaka akaporomoka sakafuni.

Kisha mama akapata kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali, mkono wa kushoto ulifanya kazi, ulimi ulikataa. Nilimkalisha kwenye kochi, nikawasha kichekesho kilekile. Mke akasimama mlangoni. Mama akafungua mdomo, sauti haikutoka. Binti yangu akamtazama, akageukia televisheni, akasema kwa Kiswahili bila kuombwa na mtu:

"Baba watoto, kuku yuko wapi?"

Akangoja jibu. Mume alichezesha midomo. Mama naye alichezesha ya kwake. Mtoto alingoja mpaka picha ikaisha, ndipo mama akajifunika uso kwa kitenge.

Tulimzika kabla baridi haijaisha. Binti yangu bado huniuliza kuku alikwenda wapi. Nikijaribu kujibu, hutikisa kichwa: sivyo.

Kama kwenu yupo mzee anayeongea, jioni ya leo tafuta kichekesho bubu, zima muziki wake, mkalishe mtoto ubavuni pa mzee, kisha muulize mzee: huyo kwenye picha anasema nini?