Sinia la Magamba ya Kijivu

Wiki yake ya kwanza kazini, Mama Fagio aliliona sinia lililojaa udongo kwenye jumba la makumbusho, limeota magamba ya kijivu, akalikwangua likatakata. Mtunzaji wa jumba alipofika alishika kichwa.

"Mama, hiyo si taka! Hicho ni kiumbe hai, ndicho kinachoshika udongo usipeperuke!"

Mama Fagio alichukua kijiko, akatoka uani, akarudi na magamba yale yale, tele, aliyokuwa akiyakanyaga kila asubuhi, akayapanga upya kwenye sinia.

Kando ya sinia, ndani ya kioo, alisimama mnyama mwenye mfuko tumboni, aliyekaushwa. Wenzake waliobaki duniani wanahesabika. Huyo hakosi wageni. Miaka ishirini na sita Mama Fagio alifuta alama za pua zao kwenye kile kioo. Kwenye sinia, watu bwana, hakuinama hata mmoja.

Siku Mama Fagio alipostaafu, mtunzaji alimwita apigwe picha na mnyama. Mama Fagio akaenda kusimama penye sinia.

"Huyo akitoweka mtamlilia, na ni haki yake. Sisi tukiondoka, baba, mtaambiwa na vumbi."