Maji ya Mashine ya Baridi Niliyoyaficha Ukutani

Admin, nifichie jina langu, na mtaa pia usiutaje, maana Mji Mkongwe ni mdogo na watu wake hawasahau. Mimi ni mzee wa miaka sabini na saba, nina mke mmoja, watoto watano na wajukuu ambao sasa nawachanganya majina. Majina nitakayoyataja hapa siyo ya kweli. Jambo hili nimeishi nalo zaidi ya miaka hamsini.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi wa umeme na mafriji, kijana, mdomo mwingi. Baharia mmoja wa mtaani kwetu alirudi na meli kutoka Japani, akamletea mama yake, Bi Zuwena, mashine ya kutia baridi chumbani. Bibi wa watu alikuwa na pumu na joto likimtesa. Mashine tulizozijua sisi wakati ule ni zile za dirishani, kipande kimoja. Hii ilikuwa vipande viwili: kimoja cha kutundikwa ukutani ndani, kingine cha kukaa nje, na baina yao mabomba ya shaba. Karatasi ya maelezo ilikuwa Kijapani kitupu. Nikasema, "Nipeni mimi."

Kutoboa ukuta nilimwita Mzee Makame, mwashi wa Kitumbatu aliyezijua nyumba zile za mawe na chokaa kuliko wenyewe waliokuwa wakizikaa. Nami nilikuwa na langu: nilikuwa nimepeleka posa kwa binti yake na nangoja jibu. Alitoboa kwa tindo siku nzima, polepole, shimo likiteremka kidogo kwa upande wa nje. "Mwanangu," akaniambia, "ukuta huu haupatani na maji. Hiyo mashine yako ikitoa maji, yaende nje yote."

"Naam, mzee," nikamjibu.

Tukapachika ukutani bamba la chuma la kuishikia mashine, nikalipima mpaka likakaa sawa, tukatundika mashine. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba nione kama gesi inavuja. Haikuvuja. Kisha nikapitisha shimoni mpira wa kutolea maji, nikamimina jagi la maji kwenye kisahani cha chini cha mashine, na Mzee Makame akasimama kichochoroni kutazama. "Yanatoka!" akapiga ukelele. Nikawasha. Haukupita muda Bi Zuwena akaomba shali. "Lahaula! Weye mtoto umenletea kipupwe chumbani!" Tukacheka sote. Siku ile nilijiona fundi wa mafundi.

Wiki haijaisha, yakaanza maneno. Ule mpira wa maji ulidondosha kichochoroni, na hiyo ndiyo njia ya kwendea msikitini. Mtu ameshatia udhu, tone linamwangukia kwenye kanzu. "Maji ya nini haya? Ya chooni?" Niliapa kwamba ni maji safi, jasho la mashine tu. Nani atasadiki maji yanayotoka kwenye tundu la ukuta? Mzee mmoja alirudi nyumbani kubadilisha kanzu mara mbili kwa siku moja, akanijia juu: "Ama uyaondoe maji yako, ama nnakuja kuukata huo mpira mwenyewe!"

Ilitakiwa niungie mpira mrefu uyashushe maji mpaka mtaroni. Madukani haukuwepo, nami niliona haya kukiri kwamba nimeshindwa, na posa yangu haijajibiwa. Basi nikaurudisha mpira ndani ya shimo, nikauelekeza kwenye uwazi baina ya mawe, nikaziba kwa nje na chokaa kidogo. Maji yakaacha kudondoka. Watu wakanishukuru. Nilijiambia ukuta ni mnene, utayanywa.

Ukayanywa. Mwaka wa pili, asubuhi moja, boriti zilizoingia kwenye ukuta ule, juu tu ya lile shimo, zikakatika ncha zilizooza kwa unyevu, na kipande cha dari kikamwangukia Bi Zuwena kitandani. Hakufa, lakini nyonga ilivunjika, na hakutembea tena mpaka alipozikwa. Mimi nilikuwa wa mwanzo kufika kuondoa kifusi. Niliuchomoa ule mpira kabla hajauona mtu.

Mtaa mzima ukasema chokaa ya Makame haikuiva, maana yeye ndiye aliyeushika ukuta ule mwisho. Wakati huo nilikuwa nimeshamwoa binti yake, ana mimba ya kwanza. Mzee akanijia nyumbani, hakuketi. "Mwanangu, yale maji ulikuwa ukiyapeleka wapi?"

"Nje, baba. Si uliyaona mwenyewe?"

Akaniangalia. "Nliyaona," akasema. "Basi ni chokaa yangu."

Hakuniuliza tena, wala hakushika mwiko wa uashi tena mpaka alipofariki.

Mwezi uliopita mke wangu aliniita. Macho yake sasa hayaoni. Akasema, "Bwana, mie nshazeeka. Nenda kwa wajukuu wa Bi Zuwena ukamwombee radhi baba yangu. Sitaki aulizwe huko aliko kwa nyonga ya mtu." Nikaenda. Nikakaa kwenye kiti chao, nikanywa kahawa yao, nikamwombea radhi mtu asiye na kosa. Wakasema wamemsamehe. Niliporudi kumwambia, mke wangu alilia kwa furaha akanibusu mkono. Mkono huu huu.

Nikisema, namvunja mwanamke aliyenitunza miaka yote hii. Nikinyamaza, atakufa akiamini babake ndiye mkosa.

Na kuna jingine. Kila siku baada ya sala ya alasiri mimi ndiye ninayemsomea visa vya ukurasa huu. Anavipenda. Kila anayeomba ushauri yeye humjibu hivyo hivyo: "Naaseme kweli, apumue." Siku mtakapokiweka kisa hiki nitakuwa nimekaa ubavuni mwake, simu mkononi, naye ataniambia, "Haya, nisomee."

Nishaurini, ndugu zangu. Nimsomee, au nikiruke?