Miguu ya Fundi Cherehani

Siku iliyofuata baada ya mbio, fundi cherehani aliteremka ngazi za nyumba yao kinyumenyume, ameukumbatia ukuta. Mapaja yalikuwa mawe. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa akipanda na beseni la nguo. Alisimama, akaangua kicheko.

"Makubwa! Jana umezunguka mji mzima, leo ngazi zimekushinda?"

"Cheka tu, wifi. Ipo siku yako."

Mbio alizianza ukubwani. Watu walimsema mpaka wakachoka: mama mzima anatimka alfajiri, anafukuzwa na nani? Hakuwajali. Alijinoa miezi mingi, na Jumapili hiyo, jua likichoma kama pasi, akamaliza marathoni yake ya kwanza. Ila kesho yake hakuipangia. Sare za shule zilikuwa zimerundikana kibandani, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Basi akameza vidonge vya maumivu, akakanyaga. Mchana akameza vingine. Maji aliyakwepa, maana choo kilikuwa uani na kila kuinuka kulikuwa vita.

Jioni alipojikokota kwenda kujisaidia, mkojo ulitoka mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Moyo ukampasuka pa! Baba yake mzazi aliondoka duniani kwa ugonjwa wa figo, na yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu. Aliikumbuka miguu ya mzee ilivyovimba. Akaitazama yake. Imevimba, au ni ndara tu zinambana? Akaibonyeza kwa kidole, akaibonyeza tena. Mumewe, aliyekuwa safarini kikazi, alipopiga simu aliambiwa, "Niko salama, uchovu tu."

Asubuhi wifi alipita kibandani, akainua shati lililokuwa mezani.

"Fundi wewe, shati hili lina mikono miwili ya kushoto. Una nini?"

"Sina kitu."

"Wifi, mficha maradhi kifo humuumbua."

Neno kifo lilimvunja. Alilia huku ameshika mkasi, akasema yote. Safari hii wifi hakucheka. Aliutoa mkasi mkononi mwake taratibu, akafunga mlango wa kibanda.

Hospitalini walikaa kwenye benchi wakisubiri majibu ya damu. Kila mlango wa maabara ulipofunguka, fundi alishtuka. Mwishowe daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliwaita ndani.

"Misuli ikiumia kiasi hiki, mabaki yake huingia kwenye damu, na mzigo unaziangukia figo. Ulikimbia kwenye joto, hukunywa maji, halafu hivyo vidonge vikaongeza balaa. Tunakulaza, tukutundikie dripu."

"Nitapona, daktari?"

"Umewahi kuja. Lakini nisikudanganye, tusubiri vipimo vya kesho."

Kesho! Hakuna kitu kirefu kama kesho ya mgonjwa. Alilala akiyatazama matone ya dripu, akijilaumu: medali ya bati, na figo zake mwenyewe! Wifi alilala kwenye kiti, shingo upande, akikoroma.

Vipimo vikaanza kushuka, polepole, na mkojo ukarudi rangi yake. Alipotoka aliambiwa anywe maji, apumzike, asiguse vidonge vile, wala asikimbie mpaka aruhusiwe. Kibandani yeye alikata vitambaa, wifi akakanyaga cherehani. Mishono ilikwenda mrama na wateja wakanung'unika. "Anayetaka mshono ulionyooka angoje fundi apone," wifi aliwajibu bila kuinua uso.

Ruhusa ilipokuja, fundi aliiogopa. Siku tatu alivaa raba akavua. Siku ya nne wifi alimtoa nje kwa nguvu, chupa ya maji mkononi. Fundi alikimbia kidogo kidogo, wifi nyuma yake, hadi duka la dawa, ndipo kichomi kikamshika kiunoni. Akasimama, mkono mgongoni, jasho jembamba likimtoka.

"Kuna nini tena?" wifi aliuliza akihema.

"Sijui. Labda kichomi tu. Labda uoga."

"Uoga tutatembea nao. Kunywa."

Alikunywa, macho ameyafumba, akisikiliza mwili wake. Kichomi kilififia. Hakukimbia tena asubuhi hiyo. Walirudi wakitembea, wifi akilalamika kwamba viatu vinamuumiza.