Nimeelewa, Mwalimu

Niliacha kufundisha hesabu darasani nikaanza kutengeneza programu za kompyuta, lakini kufundisha hakukuniacha. Kila ninachojifunza nakiandika. Asubuhi, nyumbani kwangu Ipuli hapa Tabora, naandika makala kwenye blogu yangu kwa Kiswahili, kwa sababu jambo nisiloweza kulieleza kwa Kiswahili najua bado sijalijua. Mara nyingi nafika katikati nakwama, narudi kusoma upya. Ndivyo ninavyojifunza hadi leo, na mvi zangu kichwani.

Wasomaji wangu ni wapole kupita kiasi. "Shikamoo mwalimu, nimeelewa, Mungu akubariki." Maoni karibu yote ni ya namna hiyo. Huku kwetu kumwambia mwalimu hujaelewa ni kama kumwambia hajui kazi yake, na sisi tumelelewa vizuri mno. Nililijua hilo, nikaliacha lipite, maana sifa ni tamu.

Msomaji wangu mmoja ni fundi simu wa Igunga, mama wa makamo aliyejifunza kuandika programu kwa makala zangu tu. Wakulima wa kikundi chao wanahifadhi mpunga kwenye ghala moja, naye aliwatengenezea programu ya kufuatilia magunia yanayoingia na kutoka. Kamati ikamwambia aionyeshe mbele ya wanachama wote. Ikikubaliwa, kazi ya ghala ni yake. Ikikosea, hawataki kuisikia tena. Alikuwa ameshafunga kibanda chake cha simu kwa ajili ya kazi hiyo. Mkutano ulipokaribia alipanda basi kuja Tabora ili niikague.

Nilishika simu yangu, yeye yake, tukabonyeza kwa pamoja kutoa magunia yale yale ya mkulima mmoja. Programu ikaturuhusu wote wawili. Ghala lina makarani wawili, kila mmoja na mlango wake. Mpunga wa mtu ungetoka mara mbili, na mara ya pili ungekuwa wa jirani yake.

"Si niliandika makala nzima juu ya kufunga?" nikamuuliza. Kufunga, kwenye kazi yetu, ni kuzuia kumbukumbu isiguswe na mtu wa pili mpaka wa kwanza amalize.

"Niliisoma, mwalimu. Niliielewa."

"Ulielewa nini?"

Akatazama chini. Nilikasirika, wala sikuficha, na kadiri nilivyokasirika ndivyo alivyozidi kuniitikia kwa adabu. Tusingefika popote kwa njia ile.

Ndipo nilipokumbuka kuwa yeye ni Mgogo aliyeolewa Igunga, na mimi ni Mnyamwezi. Sisi ni watani tangu zama za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kwenda pwani. Kwa mtani hakuna adabu.

"Kumbe Mgogo!" nikasema. "Ndiyo maana. Mliwauzia babu zetu maji ya visima, sasa hata swali mnataka kulipwa ndipo mlitoe?"

Akainua uso, akacheka mpaka akashika mbavu. "Nyamaza, mpagazi wee! Mmezoea kubeba mzigo bila kujua kilichomo. Hata hiyo makala yako ni hivyo hivyo, kamba umeikaza vizuri, ndani matambara matupu. Unasema nifunge. Haya, nifungue lini? Na yule wa pili anangoja au anafukuzwa? Mbona hukusema?"

Niliifungua makala nikaisoma tena. Kweli, sikusema. Nilikuwa nimeyazoea mambo hayo kiasi kwamba sikuyaona tena. Tukaiandika upya mpaka adhana ya alasiri, yeye akiitukana kila sentensi kwanza, kisha akiitumia kurekebisha programu yake. Nilijifunza mengi siku ile kuhusu jambo nililodhani nalimudu.

Kwenye mkutano kule Igunga nilikaa benchi la nyuma. Alianza kwa kuwatania Wasukuma waliojaa mbele yake, wakamjibu, ukumbi ukachangamka. Makarani wakabonyeza kwa pamoja. Simu moja ikatoa magunia, ya pili ikaandika: "Subiri kidogo, mwenzako anayashughulikia." Mzee mmoja aliyeingia utani ukiwa umeshakwisha, mwenye mpunga mwingi kuliko wengi pale, akasimama.

"Mama, mimi sijaelewa."

Akamweleza. Mzee akatikisa kichwa. "Bado sijaelewa. Na kama sijaelewa, mpunga wangu sileti."

Nilitaka kuinuka nimsaidie. Yeye hakubabaika. Akawaita makarani wote wawili, akawaambia washike gunia moja kwa pamoja wajaribu kutoka nalo, kila mmoja kwa mlango wake. Watu wakacheka, mzee naye akacheka, akakaa. "Hapo sawa," akasema. Kamati ikaikubali programu.

Nilimfurahia kweli, na nikamwonea wivu. Nimefundisha tangu ujana wangu, darasani na kwa maandishi, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hajaelewa bila mimi kulitukana kabila lake kwanza.