Ng'ombe wa Mtutu Mmoja

Jumamosi asubuhi baba alikuwa anatandika gazeti kwenye meza ya jikoni, anatoa bunduki zake mbili kwenye kabati la chuma, na kuanza kuzipaka mafuta. Kitambaa chake kilikuwa shati kuukuu la kwaya. Hakuwa na haraka. Alifuata mishipa ya mbao kuanzia kwenye kitako kuja mbele, mkono wa kulia ukipaka, wa kushoto umelala tu juu ya bunduki kama mtu anayetuliza mnyama. Na alipiga mluzi. Haukuwa wimbo. Ilikuwa sauti ya juu, ya chini, kisha ndefu inayofifia taratibu, ileile aliyowapigia ng'ombe wake wakinywa maji mtoni kule milimani, Kivu ya Kusini, kabla sijazaliwa.

"Mbao inakunywa," aliniambia. "Iache ikunywe."

Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza na vitabu vyangu vya shule. Shule hiyohiyo ya Louisville, huku Amerika, ilikuwa inatufundisha jinsi ya kuzima taa, kufunga mlango na kukaa kimya chini ya meza iwapo mtu angeingia na bunduki. Kwa hiyo nilimwangalia baba yangu, mtu mpole kuliko wote niliowajua, na sikumwelewa. Siku moja nilimuuliza. Wenye bunduki ndio waliomfukuza kwao, ndio waliowachukua ng'ombe wake. Sasa yeye anazipendaje?

Alifikiri kidogo. "Mama," akasema, maana ndivyo alivyoniita, kwa vile nilirithi jina la mama yake, "maisha yangu yote nilikuwa mbele ya bunduki. Nilitaka kujua kwa nyuma kuko namna gani."

"Na kuko namna gani?"

"Kuko kazi mingi ya kufuta."

Bunduki ya pili, ile ndefu ya kuwindia swala, aliinunua mwenyewe dukani baada ya kupata uraia. Ya kwanza, ya marisau, yenye mtutu mmoja na kitako cha rangi ya chai, alipewa na mzee mmoja mzungu wa Shively aliyefanya kazi naye kiwandani. Mzee alikuwa anastaafu, magoti yamechoka, hawezi tena kuingia porini. Alimpa kwa moyo mmoja, basi, yakaisha. Kwa baba hayakuisha. Hakukubali kabisa kwamba amepewa. Alisema amewekewa.

Kule kwetu mtu mwenye ng'ombe haweki wote katika zizi moja. Wengine anawapeleka kwa rafiki. Rafiki anawachunga, anakunywa maziwa, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na mwenyewe ana haki, tena ana wajibu, kuja kumwangalia. Asipokuja, ni yeye aliyevunja urafiki. Mtunzaji naye akikaa kimya muda mrefu, watu wanaanza kujiuliza.

Kwa hiyo mara kwa mara baba alivaa koti la kanisani, akanichukua nimtafsirie, tukapanda basi mpaka Shively.

"Mwambie nimekuja kumwambia bunduki yake iko salama."

Nilitafsiri. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie si yangu! Nilimpa!"

"Mwambie ninashukuru. Na mwambie imenenepa."

Hiyo ya kunenepa sikuitafsiri. Nilisema tu kwamba iko katika hali nzuri, na nilitamani ardhi inimeze. Wao wawili walikunywa kahawa, hawana lugha ya pamoja, wameridhika. Mzee alipofariki, baba alirudi kutoka mazishini, akapaka ile bunduki ingawa haikuwa Jumamosi, na mluzi hakupiga.

Moyo ulimchukua baba mwaka jana, kazini, kabla ya mapumziko ya chai. Baada ya kumaliza kilio tulibaki nyumbani Beechmont watu wanne: mama, kaka yangu aliyetoka Buffalo, dada yangu aliyetoka Columbus, na mimi, kitinda mimba, ninayeishi mtaa huohuo katika chumba na jiko. Mama alikuwa anahamia kwa kaka. Nyumba ya kupanga ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, na wajukuu wako North Buffalo. Mambo mengine yote tulikuwa tumeshayapanga. Zilibaki bunduki.

"Kwangu hapana," kaka alisema. "New York sheria zao kali, na nina watoto wanaofungua kila kitu. Juzi wamefungua mashine ya kufulia ikiwa na maji."

Dada alisema mume wake anaitaka ile ndefu, amekwisha kununua kabati lake. "Ile ya zamani hataki. Anasema ni ya makumbusho."

"Basi ya zamani naiondoa mimi," nilisema. Nilikuwa nimeshaongea na muuza bunduki mmoja, angekuja Jumatatu. Niliwaeleza sababu zangu, na nina hakika niliwaeleza kwa muda mrefu, maana chuo kilinifundisha hivyo. Kwamba kifaa cha kuua hakiwi kumbukumbu kwa sababu tu kimepakwa mafuta. Kwamba tumekimbia bunduki nchi nzima halafu tunairithishana kama Biblia. Kwamba mama anastahili kuondoka katika nyumba hii bila hofu.

Mama alikuwa anakunja mashuka. Akaacha.

"Hofu gani?"

"Ya bunduki, mama."

"Nani amekuambia miye naogopa? Bon. Nimelala pembeni ya ile kabati miaka yote. Baba yako ndiyo alikuwa anakoroma, bunduki haikoromi."

Kaka alicheka, kisha akakumbuka tuko msibani. Mama alikwenda jikoni. Tulisikia gazeti likikunjuliwa. Tulipomfuata tukamkuta amekaa kwenye kiti cha baba, bunduki ya mtutu mmoja iko mbele yake, wazi na tupu, na shati la kwaya liko mkononi.

"Donc munafikiri wakati baba yenu alikuwa anaumwa kwa hospitali, ile mwaka ya nyuma, nani alikuwa anazipaka?" alituuliza. "Anakuwa kwa kitanda ananiuliza, zimekunywa? Ninamujibu, zimekunywa. Ananiuliza, umezipigia muluzi? Ninanyamaza. Miye sijue kupiga muluzi. Mudomo yangu haijue."

Alijaribu. Ilitoka pumzi tu. Akacheka, machozi yakimshuka kwenye mashavu, akajaribu tena, ikatoka pumzi.

"Yaya, piga weye," dada alimwambia kaka, maana kwetu yaya ni ndugu mkubwa. Kaka alikaza midomo, ikatoka sauti ya birika lililo karibu kuchemka. Dada mwenyewe hakujaribu. Wote wawili walikuwa watu wazima tulipofika Amerika, walienda kazini siku za Jumamosi. Ni mimi niliyekuwa na vitabu vyangu upande wa pili wa meza.

Nilipiga. Juu, chini, kisha ile ndefu. Sikuwahi kuipiga mbele ya mtu, na sikujua kama ninaijua hadi ilipotoka. Mkono wa mama ulisimama juu ya mbao, halafu ukaanza kwenda taratibu, ukifuata.

"Mwanamke anapiga mluzi ndani ya nyumba," kaka alisema. "Ataita nyoka."

"Aite," mama alisema. "Piga tena."

Nilipiga mpaka mafuta yakaisha kwenye kitambaa. Kisha mama akaifunga bunduki, akaisukuma juu ya gazeti mpaka ikanifikia.

"Nimekuwekea."

Nilielewa papo hapo alichosema, na nikakasirika kwa kuelewa. "Mama, nimesema siitaki."

"Sikukupa. Hii yangu. Nimekuwekea tu."

"Bunduki haina maziwa. Haizai. Nitakunywa nini?"

"Kiangazi ngombe za baba yako zilikuwa zinakauka maziwa. Tulikuwa tunaziuza?"

 Nilimwambia risasi sitakaa nazo. Akaniuliza risasi za nini, kwani kuna fisi Beechmont? Nilimwambia kufuli litakuwepo wakati wote. Akasema hata zizi lina mlango. Nilimwambia bado naamini dunia ingekuwa bora bila kitu hiki mezani. "Ndiyo," akasema. "Na miye naamini vile. Funga vizuri."

Jumatatu nilimpigia yule muuza bunduki asije.

Wakati wa baridi mama alinipigia simu kila Jumapili kutoka Buffalo, theluji imewafikia madirishani, wajukuu wanamjibu kwa Kiingereza. Alianza na salamu, akapita kwenye kanisa na hali ya hewa, na mwisho, kana kwamba limemjia sasa hivi, akauliza, "Na ile ngombe?"

"Imelala, mama."

Theluji ilipoyeyuka akaja mwenyewe. Basi lilimpitisha Columbus, akalala kwa dada usiku mmoja, akashuka Louisville na mfuko wa maharage na blanketi. Alisema amekuja kwa siku chache tu. Hakuketi. Alisimama katikati ya chumba changu, koti mwilini. "Iko wapi?"

Nilifungua kabati, nikaitoa, nikaifungua aone kwamba ni tupu, nikailaza kwenye gazeti. Alipitisha kidole kwenye kitako kutoka nyuma kuja mbele, akakiangalia kidole.

"Imekonda."

"Nimeipaka mafuta mwezi uliopita."

"Imekonda, mama. Angalia mbavu." Aliniita kama baba alivyoniita, mara ya kwanza. Akavua koti, akalitundika, akaomba shati la kwaya.

Siku chache zilipokwisha kaka alipiga simu kuuliza ni basi gani wakampokee. Mama aliongea naye kwa sauti ya mtu mwenye shughuli. Hawezi kuondoka sasa, alimwambia. Ngombe inagonjwa, mutoto hajui kuitunza, aiache je? Nilisikia kaka akicheka upande wa pili, kisha akiacha kucheka.

Alikaa mpaka miti ya mtaani ikatoa maua. Jumamosi tulikuwa na gazeti mezani, yeye na kitambaa, mimi na mluzi, na tulibishana juu ya kila kitu. Bado sijui kama tunamtunza baba au tunaitunza bunduki. Nilimuuliza. Alisema maswali yangu yanakausha mbao.

Sasa amerudi Buffalo na kuna baridi tena. Chupa ya mafuta aliniachia imejaa. Ninapaka, lakini kidogo. Nisije nikainenepesha sana kabla hajaja.